Ngoma ya Biasha na Ngoma ya Clever

Dismasi hanunui kitu kabla ya kukigeuza. Mpe kuku, atamgeuza. Mpe godoro, atalisimamisha ubavu. Watu wa Gatete husema kwamba siku alipokwenda kuposa alichungulia kwanza uvungu wa kitanda cha baba mkwe. Hilo ni uongo, lakini limemkaa vizuri kama shati la kushonewa.

Tabia hiyo ilitoka kwenye mawese. Tangu arudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, Dismasi ananunua mafuta kwa wakulima wa Gatete na kuyauza Rumonge mjini. Wakulima nao wana ujanja wao. Bido tupu, lile dumu la plastiki, inamwagiwa maji ya moto, kitako kikilainika kinasukumwa ndani, na kikipoa kinabaki hivyo hivyo. Kwa macho bado ni bido ya lita ishirini, ila mafuta yamepungua lita nzima. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili anaiweka bido juu ya kitu kilichonyooka, anainama mpaka shavu liguse meza, anatazama chini yake. Akiona mwanga, anajua amechezewa, na bei inaanza upya.

Upande wa pili wa maisha yake ni ngoma. Alijifunza kambini, kanisani, na sasa ana miaka kumi na moja akipiga kesklea katika bendi ya harusi ya mzee Amissi. Kesklea ni ile ngoma fupi yenye nyaya zilizonyooshwa chini yake. Ukiigonga nyaya zinalia, na bila kilio hicho harusi nzima inacheza kama watu wanaotafuta viatu vyao. Kesklea yake ilikuwa ya mbao. Ziwa la hapa Rumonge lilipopanda na kuingia kwenye stoo ya bendi, ilikaa majini siku nne. Ilipotoka ilikuwa imefunguka kama mkungu wa ndizi.

Jumatatu Amissi akamwita.

“Jumamosi tuna harusi Kabezi. Ijumaa ni mazoezi. Uje na kesklea.”

“Na nisipopata?”

“Samy ana ngoma ndani ya kinanda chake. Anabonyeza tu, inapiga.”

“Kwa Jumamosi moja?”

Amissi akajikuna kidevu. “Mashine haili, Dismasi. Haiombi nauli.”

Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kesklea zilizokuwa zikiuzwa Rumonge zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kwa Biasha, mjane wa mpigaji wa zamani wa fanfare, bendi ya matarumbeta, huko Bujumbura. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko bibi mwenyewe, imekwaruzwa, skrubu moja haipo. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtia Dismasi wasiwasi. Kitu kizuri hakikimbilii mteja.

“Bibi, mbona rahisi hivi?”

“Mimi sipigi ngoma. Inakaa juu ya kabati langu. Nikikohoa, inajibu. Nikifunga mlango kwa nguvu, inajibu. Nimechoka kujibizana na kitu ambacho hakili wala hakilali.”

“Kuna mutu aliikataa?”

“Wewe umekuja kununua ama kuandika procès-verbal ya polisi?”

Dismasi alivua ufunguo wa ngoma aliouvaa shingoni, akafungua skrubu zote, akatoa ngozi za juu na chini. Ukabaki mzinga mtupu, duara lililo wazi juu na chini. Akaulaza kwenye sakafu ya vigae ya bibi, akainama mpaka shavu likagusa kigae. Upande wa juu, safi. Akaugeuza. Upande wa chini akaona mwanga. Mahali pawili, panapotazamana, ukingo ulikuwa umebonyea kidogo kama mtu aliyeukandamiza kwa kidole gumba.

Akasimama, akapangusa shavu.

“Bibi, imeanguka hii. Ama imechezewa.”

Biasha alikuwa anachambua mchele. Ungo ukasimama. “Nani ameichezea?”

“Sijui. Lakini iko mwanga chini.”

“Bwana wangu aliibeba hiyo ngoma miaka thelathini mikononi. Mimi alinibeba mara moja, siku ya harusi, na akalalamika mgongo. Halafu wewe unaniambia aliiangusha? Funga skrubu zako. Nenda.”

Akafunga, akaenda. Kwa mawazo yake, alikuwa ameponea chupuchupu.

Ngoma ya pili ilikuwa dukani kwa Clever, kijana anayeuza spika na kutengeneza redio karibu na soko. Mpya, inang’aa mpaka unaona meno yako. Clever alikuwa ameiweka juu ya kitambaa chekundu, na mambo ya kitambaa chekundu Dismasi hayapendi.

“Patron, hii ni shaba tupu.”

“Shaba?”

“Tupu. Ndani na nje.”

Mezani palikuwa na spika iliyokufa. Dismasi akaing’oa sumaku yake, akaisogeza kwenye ngoma. Pap! Ikakamata.

Clever hakupepesa. “Shaba ya kisasa inakamata.”

“Eeh. Na mamba wa kisasa anakula majani.”

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Dismasi hakuondoka, kwa sababu chuma cha kawaida nacho kinalia, na Ijumaa haikuwa mbali. Akamweleza kwamba ya Biasha ameikuta imebonyea.

“Nilijua!” Clever akajipiga paja. “Zile za zamani zote ziko hivyo. Zimeanguka sana. Mimi yangu imenyooka kama barabara ya Nyanza-Lac.”

“Barabara ya Nyanza-Lac ina mashimo.”

“Kabla ya mashimo, patron.”

“Basi nifungue nione.”

Uso wa Clever ukabadilika. “Ukifungua, garanti inakufa.”

“Garanti gani? Nionyeshe karatasi.”

“Garanti ni mimi mwenyewe.”

“Basi hakuna kitakachokufa. Wewe ni mzima.”

Walivutana hivyo mpaka mteja wa chaja akaja akaondoka. Mwishowe Clever alichoka, akasema afungue, ila kila mkwaruzo atalipa. Dismasi akatoa ngozi, akaulaza mzinga juu ya meza ya kioo, upande wa chini. Shavu kwenye kioo. Mwanga. Mahali pawili, panapotazamana.

Alikaa ameinama hivyo muda mrefu, hadi Clever akamuuliza kama amelala.

Mkulima mmoja akikuchezea bido, ni mwizi. Lakini bido mbili za watu wasiojuana, moja ya juzi na nyingine ya enzi za babu, zikiwa na kibonyeo kilekile mahali palepale, hapo mwizi ni nani? Dismasi akachukua zile nyaya, akazishika juu ya ukingo zinapopita zikiwa zimefungwa. Zilipita kwenye vibonyeo vile viwili, sawasawa. Nyaya zinataka nafasi ili zilale juu ya ngozi. Bila vibonyeo hivyo zingening’inia hewani, zisilie. Aliyetengeneza ngoma ndiye aliyevibonyeza, kwa kusudi. Miaka yote hiyo ya kupiga, Dismasi hakuwahi kuivua kesklea yake ngozi ya chini. Ile ya mbao alipewa imefungwa, na ngoma uliyopewa huikagui.

“Clever.”

“Naam.”

“Na ya kwako imeanguka?”

Clever akatazama mwanga ule, akatazama barabara. “Hiyo… labda kwenye meli.”

Hapo Dismasi akajua mambo mawili. Kijana hakujua anachouza, na alikuwa tayari kusema lolote. La kwanza linasameheka. Akairudisha ngozi. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho akapitisha kidole ndani, kwenye mshono wa chuma, kikatoka na unga wa kahawia. Kutu. Ngoma haijapigwa hata harusi moja na imeanza kutu, halafu sisi tunakaa ziwani, ambako hata sindano haimalizi mwaka. Akanunua nyaya mpya tu, akaomba ile sumaku ya spika kama nyongeza. Clever akampa ili aende zake.

Alhamisi akarudi kwa Biasha. Bibi hakumkaribisha kiti.

“Umechelewa. Yule kijana wa kinanda alikuja, Samy. Ataileta pesa jioni.”

Muuzaji yeyote ana mteja wa jioni. Dismasi mwenyewe anaye mmoja. Amemtumia miaka mingi kwenye mawese na hajawahi kumwona. Kwa hiyo hakushtuka. Akauliza tu, “Aliigeuza?”

“Nani?”

“Samy. Aliitazama chini?”

“Hata hakuigusa. Aliuliza bei, akasema ataichukua. Nikamwambia, hutaki kuisikia? Akasema haina haja.”

Hapo Dismasi akashtuka. Mteja wa uongo huwa anasifu bidhaa. Huyu hakutaka hata kuisikia, na mtu wa kinanda ananunua ngoma asiyotaka kuisikia kwa kazi moja tu: isisikike popote. Samy alikuwa mteja wa kweli.

“Naichukua sasa hivi, bibi.”

“Kwanza useme.”

“Niseme nini?”

“Kwamba haikuanguka. Useme hapa mlangoni, majirani wasikie, kama ulivyosema ile siku wakasikia.”

Jamani, hilo lilikuwa gumu. Dismasi hajawahi kusifu kitu kabla ya kukilipia. Ukisema hakina kasoro, umejifunga mikono. Utaomba upunguziwe kwa lipi? Skrubu isiyopo ilikuwa tayari mdomoni mwake kama nukta ya kuanzia. Akaimeza. Akatoa sumaku, akaigusisha kwenye mzinga mbele ya wanawake wawili waliokuwa wanafua. Iliteleza, ikaanguka chini.

“Shaba,” akasema. “Haikuanguka. Haikuchezewa. Mwenye ngoma hii aliitunza. Nilikosea mimi.”

“Sauti.”

“Nilikosea mimi!”

Biasha akamtajia bei ileile ya siku ya kwanza, bila kupunguza hata faranga, na Dismasi akalipa bila neno. Majirani wanasema hawajawahi kuona uso kama ule.

Ijumaa, kwenye mazoezi, Amissi alivuka barabara, akasimama upande wa pili amewapa mgongo. Ndivyo anavyosikiliza. Samy alikuwa ameshawasha kinanda, ngoma ya mashine inakwenda, haichoki wala haikosei. Dismasi akaingia juu yake. Kesklea ya Biasha ililia kavu, kali, ikapita juu ya mashine na juu ya pikipiki zilizokuwa zinapita, ikamfikia Amissi mgongoni. Mzee akageuka.

“Samy!”

“Ndiyo, chef.”

“Toa ngoma kwenye mashine yako. Bakiza piano.”

“Kwenye stairi hii ya mdundo haitoki, chef.”

“Tafuta stairi nyingine. Kesho Kabezi mwende mapema, wote.”

Walipomaliza, kila mtu aliweka chombo chake stoo. Amissi akamwonyesha Dismasi rafu mpya, ndefu, mbali na maji.

“Iweke hapo. Kuna kufuli.”

“Funguo ziko kwa nani?”

“Mimi moja. Samy moja.”

Dismasi akaitazama rafu, akashukuru, murakoze, akaenda kutafuta kamba ya kuifungia ngoma kwenye baiskeli.