Timu ya wadogo au ya wakubwa? Yaliyonikuta na kijana wa baseball hapa Garissa

Wakuu, heshima zenu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya, lakini hili limenikaa kifuani na naomba niliweke hapa kama lilivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Mimi ni dada wa Mwingi. Nilisomea ualimu hapa Garissa, nikamaliza, na bado nasubiri ajira. Kukaa bure kulikuwa kunanimaliza, na kwa vile nilicheza softball sekondari, nikaanza kufundisha ndugu yake, baseball.

Tuna timu mbili. Ya wadogo ni watoto wa shule. Ya wakubwa ni wanaume wazima: madereva wa tuk-tuk, wenye maduka, na wachache wa kutoka bara waliotumwa kazi huku, akiwemo afande mmoja wa Bungoma.

Kwa wasioujua mchezo: mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Akikosa mara tatu, ametoka. Akiupiga ukaenda nyuma au nje ya mstari, huhesabiwa kukosa, ila kosa la tatu lazima akose kabisa. Basi.

Shida yangu ilikuwa Liban, kijana wa miaka kumi na minne.

Wakuu, huyo mtoto ana mkono wa kurusha. Wenzake walianza kuogopa kusimama mbele yake. Aliyekuwa akimdakia alimaliza kila mazoezi akitia kiganja kwenye maji. Kumwacha pale ilikuwa kumdumaza.

Lakini nikimpeleka kwa wakubwa, wakimvunja moyo je? Bega likiumia je? (Mimi nikianza kuwaza, hata kuchagua kati ya mandazi na chapati kunakula asubuhi nzima.)

Mamake, ambaye anauza maziwa ya ngamia sokoni, hakuwa na muda wa mawazo yangu. Likizo ilikuwa inakaribia, na timu ya wadogo husimama shule zikifungwa.

"Madam, niambie tu," alisema. "Kama Liban ako na timu, abaki. Kama hana, anaenda Ijara kwa mifugo ya babu yake. Kijana kukaa mjini bila kazi, hapana."

Na ukweli ni kwamba aliyeenda Ijara na mifugo hurudi mvua ikipenda. Ningempoteza.

Nikaamua kumjaribu kwa wakubwa Jumamosi.

Wa kwanza kushika gongo alikuwa Yusuf, dereva wa tuk-tuk na mpigaji wetu bora. Ni ndugu mdogo wa mamake Liban, kwa hivyo Liban humwita abti, yaani mjomba. Liban akarusha. Wakuu, mpira ulikuja polepole kama unaomba njia. Yusuf akaupiga ukapotelea kwenye vichaka vya mathenge, tukautafuta huku miiba ikitula.

Akaja mwenye duka. Hivyo hivyo. Akaja mwingine, naye akapiga anavyotaka.

"Huyu anarusha ama anasalimia?" afande akauliza, watu wakacheka. Liban akaangalia viatu vyake.

Nikasema moyoni, basi, bado ni mtoto. Nilishatoa simu nimwandikie mamake.

Halafu afande mwenyewe akashika gongo. Mpira wa kwanza hakuuona. Wa pili akauona umeshapita. Wa tatu akazunguka na gongo lake nusura aanguke.

Nikarudisha simu mfukoni. Baada yake akaja mwalimu mmoja wa Meru, naye akatoka vilevile. Kisha akaja kijana wa mtaa wa kina Liban, na mpira ukawa mlaini tena.

Nilimwita kando, kwenye mtungi wa maji. "Liban, bega linauma?"

"Hapana, Madam."

"Basi ni nini?"

Akamtazama Yusuf. "Yule ni abti. Wale wengine tunaswali pamoja, wananiona tangu nikiwa mdogo. Nitamtoa aje mtu mkubwa mbele ya watu?"

"Na afande?"

"Afande si wa kwetu," akasema, kisha akaona aibu. "Lakini ni mtu mzuri."

Chuoni tulisoma saikolojia ya mtoto muhula mzima na hili halikuwemo. Nikawaza: nikimwambia Yusuf, nitakuwa nimemwaibisha mtoto. Nisipomwambia, anaenda Ijara. Nilizunguka na hayo siku mbili, mwishowe nikamfuata Yusuf stendi ya tuk-tuk, nikamweleza.

Alicheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni. "Kumbe ananihurumia," akasema.

Mazoezi yaliyofuata alichukua gongo kabla sijapanga mtu yeyote.

"Wewe, kuja urushe," akamwambia Liban. "Na ukinirushia mpira ya mgonjwa tena, naenda kwa mama yako namwambia umenidharau. Mimi ni mzee? Nimekuomba msaada?"

"Hapana, abti."

"Basi nitoe kama unaweza. Mimi nakuruhusu. Hawa wote pia wanakuruhusu. Ama namna gani?"

Wakubwa wakaitikia kwa kelele.

Mpira wa kwanza Yusuf alikosa. Wa pili aliugusa kidogo, ukaruka nyuma. Wa tatu aliupiga vizuri, ukatoka nje ya mstari. Liban akapangusa mkono kwenye suruali, akarusha wa nne, na gongo likapita hewani.

Yusuf alikabidhi gongo kwa aliyefuata. "Sasa huyo ni mtoto wa dada yangu," akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa kuliko wa Liban.

Jioni hiyo nilimwandikia mamake: timu ya wakubwa. Nilisubiri jibu nikitembea chumba kizima.

Akajibu: "Sawa. Yusuf amlete nyumbani kabla ya magharibi, kila siku."

Nilichojifunza, wakuu: nilikuwa napima mkono na umri, kumbe mtoto alikuwa tayari kitambo. Kilichokosekana ni ruhusa, na haikuwa yangu kutoa.

Bado nawaza, kama kawaida. Bega linalokua linahitaji kupumzishwa kiasi gani anapocheza na watu wazima? Na wale wadogo aliowaacha sasa wanacheza bila woga, lakini wanauliza atarudi lini. Mliolea vipaji, wa mchezo wowote, nyinyi mngefanyaje? Nasoma kila mtakachoandika.