Anasema miguu yake ina baridi

Jamani, leo nusura niachwe. Aliyeniokoa ni Bibi, na Kiingereza hajui hata neno moja.

Asubuhi Nyaishozi yote ilikuwa ndani ya ukungu. Migomba ya nyumbani ilionekana kama watu wanaosinzia wima.

Mchumba wangu alikuwa aje kutoka Isingiro kujitambulisha kwa wazee wetu.

Badala yake ukaja ujumbe: "I have cold feet."

Huyu bwana, jambo likiwa zito, hujificha kwenye Kiingereza. Waingereza husema hivyo mtu anapoingiwa na hofu, akataka kurudi nyuma.

Nikakaa jikoni, simu mkononi.

"Amesemaje?" Bibi akauliza.

Nitamwambiaje? Nikatafsiri neno kwa neno: "Anasema miguu yake ina baridi."

"Maskini, na ukungu huu! Mwambie aje, namchemshia maji."

Nikamwandikia hivyohivyo.

Nikasimama mlangoni kama naota, mpaka bodaboda ikachomoza kwenye weupe ule. Ni yeye, na shangazi yake nyuma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vua viatu."

Akatumbukiza miguu kwenye beseni mbele ya wazee wote. Mvuke ukampanda usoni. Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga.

"Bibi, ukweli nilikuwa naogopa."

"Hata mimi niliogopa," Bibi akasema, akimwongezea maji. "Babu yenu akanisubiri."

Basi akaomba kunioa akiwa bado peku. Sauti ilimtetemeka, lakini alimaliza sentensi.

Mlio kwenye ndoa, semeni kweli: ninyi hamkuogopa?