Hesabu za Mtani Wangu

Mwalimu wetu wa hesabu katika shule ya kati, pale Tabora, alikuwa Mzaramo, na mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo tulikuwa watani tangu babu zetu walipokutana kwenye njia ya misafara, wangu wakiwa na pembe mabegani, wake wakiwauzia muhogo. Mtani ana ruhusa ya kukusimanga mbele za watu, hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Ruhusa hiyo mwalimu aliitumia mpaka ikachakaa.

Mwaka ule, Mwingereza akiwa bado anatutawala, tulianza kutafuta x. Mwalimu alitufundisha kwa wimbo: "Ukivuka, badili." Namba ikivuka alama ya sawasawa, kujumlisha kunageuka kutoa, basi. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa nini inabadilika.

"Mwoneni Mnyamwezi huyu," aliliambia darasa. "Babu yake alibeba mzigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo bila kuuliza kilichomo. Wewe beba, peleka ng'ambo, nyamaza."

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mpagazi. Nikikosa, mpagazi kachoka. Nikipata, mpagazi kaiba mzigo wa mwenzake. Tena akanitangazia kwamba hatapeleka jina langu kwenye mtihani wa kwenda sekondari, maana sekondari si mahali pa wapagazi. Nilipomweleza baba, ambaye alikuwa mkulima asiyependa kesi, hakwenda shuleni kulalamika.

"Huyo ni mtani wako," alisema. "Ukinuna, umeshindwa. Ngoja zamu yako."

Nikangoja kwa chuki. Sioni haya kulitaja neno hilo.

Kila jioni tulichota maji ya shule kwa mzega, ule mti wa begani, debe mbele na debe nyuma. Ukimwaga maji ya debe moja huna budi kupunguza na la pili, la sivyo mti unakupiga shingoni. Siku moja, mzega ukiwa begani, nikaelewa: hakuna namba inayovuka popote. Ukitoa tatu huku, unatoa tatu na kule, mti ubaki umelala sawa. Sikumwambia mtu. Nikafanya hesabu zote za kitabu, na kila jibu nikalirudisha mahali pa x kuona kama pande mbili zinalingana.

Ndipo akaja mkaguzi, Mzungu aliyekijua Kiswahili vizuri, akaketi nyuma ya darasa. Mwalimu, kaptula imepigwa pasi hata inakata, akaandika ubaoni:

5x + 3 = 2x + 18

Aliandika haraka, jicho moja kwa mgeni. Akavusha 2x vizuri, akavusha na tatu, akaandika 3x = 21. Basi, x ni saba. Darasa zima likanakili. Mimi nikanyoosha mkono, na moyo wangu ulikuwa mtamu.

"Mpagazi anataka nini?" aliuliza akitabasamu, ili mgeni naye acheke.

Alikuwa ameufungua mlango mwenyewe. "Mtani wangu," nikasema, "watu wa pwani mnajua kuvuka. Lakini tatu yako imevuka na nguo zile zile."

Nikaenda ubaoni bila kuitwa. Nikaweka saba mahali pa x: upande mmoja thelathini na nane, wa pili thelathini na mbili. Kisha nikaweka tano: ishirini na nane, ishirini na nane. Sasa darasa lilimcheka yeye. Mkaguzi akauliza kama mimi ni mmoja wa watakaofanya mtihani.

"Yumo, bwana," mwalimu alijibu. Hadi dakika ile sikuwamo.

Vipindi vilipokwisha alinisubiri mlangoni, akaninyooshea mkono. "Haya, mtani. Sasa tumelingana."

Nikautazama mkono ule. Upande wake kulikuwa na mwaka mzima, upande wangu asubuhi moja. "Bado, mwalimu," nikasema.

Kuanzia kesho yake mpaka siku ya mtihani, kila asubuhi nilipita mbele ya ofisi ya walimu, nikainama kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu. Saba hajambo?"

Na kwa kuwa mtani hanuni, ilimbidi aitikie mbele ya wenzake: "Marahaba. Hajambo." Sauti yake ilizidi kupungua siku hadi siku, nami nilikuwa nikilala usingizi mzuri sana.