Kazi Isiyosikika

Watu wakiniuliza kama mashine zitawamaliza makarani, hasira hunipanda kabla sijajibu. Waulizeni mabosi, sio mashine.

Miaka ya tisini nilikuwa taipisti Thika, kwa kampuni ya kusaga lishe ya ng'ombe na kuku. Tulikuwa wawili chumbani: mimi na mama mmoja Mwislamu wa Majengo, aliyenizidi umri na kuniita mwanangu. Bosi alikaa chumba cha pili, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao tu. Hakuwa na haja ya kuja kutuona, alisikiliza. Taipraita zikilia ta-ta-ta, anajua kazi inaenda. Zikinyamaza kidogo, anagonga ukuta. Hata tukihangaika kusoma mwandiko wake wa kuku kuparua, ilibidi mmoja wetu apige herufi ovyo kwenye karatasi kuukuu ili mzee atulie. Upuuzi mtupu, lakini tulizoea.

Halafu kompyuta ikaja. Iliombewa, ikafunikwa kitambaa cha kroshia kama televisheni ya sebuleni, kisha bosi akatangaza: mwisho wa mwaka atabaki mmoja, yule atakayeijua mashine. Ngai! Mimi nilikuwa na watoto Gatongora, na baba yao alishakwenda zake. Nikajiandikisha chuo kimoja pale Ruiru, kila Jumamosi. Kompyuta zenyewe zilikuwa haba, kwa hivyo wengi wetu tulifanya mazoezi kwa kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila. Mtu mzima nabonyeza karatasi, na mwalimu anapita akisema, "Vizuri sana." Vizuri nini? Aki nilikasirika! Lakini nilijifunza.

"Mama, si twende wote?" nilimwambia mwenzangu.

"Mwanangu, mimi niache na chuma changu."

Nilimhurumia. Nilijua ndiye atakayeondoka.

Bosi akanikabidhi kompyuta. Barua iliyokuwa ikinilia asubuhi nzima, na kufutafuta kwa wino mweupe, sasa naimaliza kabla chai haijapoa. Nilifanya kazi kuliko zamani, tena kimyakimya. Shida ikaanzia hapo. Ukuta ukagongwa.

"Madam, kwani umelala?"

"Nafanya kazi, mzee."

"Mbona sisikii?"

Anakuja, anachungulia, ananikuta nimetulia tuli nikitazama kioo, anatikisa kichwa. Nikimwonyesha barua zilizotoka, anasema, "Hizo ni za mashine. Wewe umefanya nini?" Haya, jibu swali kama hilo! Nikaanza kuigonga kibodi kwa nguvu ili asikie. Herufi moja ikang'oka, akanipa onyo la kuharibu mali ya kampuni. Na kando yangu mwenzangu ta-ta-ta kutwa, nusu yake kwenye karatasi kuukuu, huku bosi akimsifu kwa wageni: "Yule mama ni mchapa kazi." Sikumlaumu. Kila mtu na tumbo lake.

Desemba bosi akaniita. Nilivaa blauzi yangu ya kanisani siku hiyo, nikidhani nitaambiwa nimebaki mimi. Nikamkuta ameketi na mpwa wake, msichana aliyemaliza fomu foo juzi tu.

"Yule mama siwezi kumwachisha kazi," bosi alisema. "Kazi yake ni nyingi mno. Lakini hii yako ya kukaa ukiangalia, hata huyu ataiweza."

Miezi yote ile niliogopa mashine itaninyang'anya kazi, na mashine ilikuwa imekaa tu mezani, haijamnyang'anya mtu chochote. Msichana aliinamisha uso kwa aibu. Woiye, hakuwa na kosa.

Nilipogeuka kwenda kuchukua mkoba wangu, bosi aliniita tena, kwa upole kabisa.

"Madam, kabla hujaenda, mwonyeshe pale pa kuwashia."