Makemba ya Mama Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunionyesha kiti. Alinipeleka shambani, akakata jani changa la mgomba lililokuwa bado limejiviringa, akaniwekea mkononi.

“Hapa hatupimi ukubwa wa mukungu, maman,” alisema. “Tunapima undugu.”

Nilicheka kimoyomoyo, maana kwetu Kisangani undugu hupimwa matangani, watu wakianza kugombania nyumba ya marehemu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jani hukaushwa, husagwa, kisha hutolewa DNA, ule uzi wa urithi uliomo ndani ya kila kiumbe. Tulitafuta alama zake, yaani sehemu zinazotofautiana baina ya mmea na mwenzake. Ukilinganisha spishi mbili, unajua zimeachana kiasi gani. Ukilinganisha mimea ya spishi moja, unajua imebaki na utofauti kiasi gani, na utofauti ndio akiba: ugonjwa ukiua hii, pengine ile itapona.

Nilitumwa Isangi, Basoko na Banalia kuomba machipukizi ya shamba letu la kutunzia aina. Makemba, ndizi zetu za kupika, hayaoti kwa mbegu. Kila chipukizi ni nakala ya mama yake, na aina ikifa imekufa.

Banalia ndiko nilikomkuta Mama Sifa, mjane mcheshi, mwenye makemba ya kikonyo chekundu aliyorithi kwa bibi yake. Kwao kila mzazi aliyetoka kujifungua alipikiwa lituma, makemba ya kutwanga, ya aina hiyo tu. Tulipoipima, alama zake hazikufanana na za nyingine yoyote tuliyokuwa nayo. Machipukizi mawili alikuwa amenipa siku ileile, bila kusita.

“Beba, maman. Watu wanatupatiaka, na sisi tunapatia.”

Ukarimu huohuo ndio uliotumaliza. Ukaja ugonjwa unaosonganisha majani kileleni hadi mgomba hauzai tena. Ulisafiri ndani ya machipukizi ya zawadi, jirani kwa jirani, na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakamalizia kuusambaza.

Migomba ya Mama Sifa ikafa yote. Akaja mjini kuniomba chipukizi moja, binti yake akiwa karibu kuzaa. Alitukuta tunang'oa shamba zima kwa amri ya Mkuu wa Shamba, kwani ugonjwa ulikuwa umetufikia. Mmoja wa migomba iliyotokana na machipukizi yake ulikuwa bado umesimama, na mkungu juu.

“Lakini hii iko muzima!” alisema. “Angalia majani.”

“Kwa macho tu, mama,” Mkuu wa Shamba alimjibu. “Tumepima, ugonjwa iko ndani. Ukipanda mutoto yake, utaua na ya jirani.”

“Hamuna dawa ya kuisafisha?”

“Kuko maabara za kuisafisha, lakini si huku kwetu.”

Mkungu haukuwa na hatari kwa kuwa haupandwi, akaruhusiwa kuubeba. Mimi ndiye niliyeushika mgomba ulipokuwa ukikatwa.

Binti alipojifungua, Mama Sifa aliniita. Alinimegea tonge la lituma la mkungu ule kabla hajala mwenyewe.

“Kula, maman. Iko tamu?”

“Iko tamu,” nilisema, nikalia mbele ya mzazi, jambo lisilofaa.

Sasa nimestaafu, na Mama Sifa tumekwisha kumzika. Wanafunzi huja nyumbani kuniuliza juu ya aina ile, nami nawatajia alama zake zote bila kukwama. Juzi mmoja aliniuliza ladha yake ilikuwaje. Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta nimeisahau.