Bamoja si bote

“Mama, munasema ‘bote’ tena! Banaume bote bavivu? Munabajua bote?” Ndivyo jirani yangu alivyonilalamikia, nami nikamjibu kwamba mvivu wa kwanza ni yeye, maana kikapu cha makaa alichonikopa hajakirudisha. Makaa yenyewe hakupikia. Aliandikia ukutani mwa nyumba yake, akiwatayarisha wanaume kwa mtihani wa akili wa kuajiriwa na kampuni ya migodi. Aliandika kauli mbili, akainua vidole viwili, akauliza taratibu kama kauli ya tatu inafuata kutoka kwa hizo: “Ya tatu inatoka?” Isipotoka, kidole cha tatu kilibaki kimekunjwa, na aliyebuni jibu alifutiwa kwa kiganja cheusi.

Mwaka ule Katanga ilipojitenga, mkubwa wa mtaa, shefu wetu, aliingia lupango letu, ua tuliokaa pamoja, kumfukuza Ngalula, mshonaji aliyepanga chumba cha nyuma. “Bantu bamoja ba Kasai balitupa mawe sokoni. Huyu iko muntu ya Kasai. Atoke leo!” Sisi majirani tukatazama chini. Jirani yangu akainua vidole viwili, sauti ile ile ya taratibu. “Bamoja tu, shefu. Hamukusema bote. Ya tatu inatoka?” Wanafunzi wake pale ukutani, mdogo wa shefu akiwa kati yao, wakaitika kwa mazoea: “Haitoke!” Shefu akamkodolea mdogo wake macho, akaondoka.

Cherehani ya Ngalula ilipoanza kulia tena, nilimwambia jirani makaa yangu nimeyasamehe.

“Yote, mama?”

“Yote.”

Safari hii hakulilalamikia neno hilo.