Boti Niliyoomba Ikaushwe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba boti ipandishwe nchi kavu. Mengine yalifuata hapo, na sikuyatambua kuwa makosa kwa sababu kila moja nililifanya kwa uangalifu mkubwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiishi Lipangalala, si mbali na mto, nikitengeneza mashine za kukoboa mpunga. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua injini mbovu ambazo wenyewe walikuwa wameshazikatia tamaa, na kwa kusoma kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi pembeni. Aliyejifunza hivyo huishi na hofu moja: kwamba siku moja atakutwa hajui jambo ambalo kila aliyepita chuoni analijua. Nilikuwa nafunga nati, naifungua, naifunga tena. Wateja walinisifu kwa umakini. Haukuwa umakini. Ilikuwa hofu.

Kaka yangu alikuwa akikata miwa Kidatu, msimu wa sita huo. Alikuja nyumbani mara chache, na kila akija alikuwa amepungua. Mikono imechanwachanwa na majani ya muwa, masizi ya mashamba yaliyochomwa hayatoki kwenye kucha hata asugue kwa jiwe. Alitaka kuacha. Mpango wake ulikuwa rahisi. Masika mto ukifurika, wenye mashamba ng'ambo hushindwa kuvusha mpunga wao. Mitumbwi hubeba gunia moja au mawili, na wenye mitumbwi hujitajia nauli wanayotaka. Mwenye boti ya injini angevusha magunia mengi kwa mkupuo, na kiangazi angesomba samaki kutoka kambi za wavuvi. Akiba yake na yangu kwa pamoja zilitosha boti moja kuukuu. Hatukuwa na fedha ya kukosea.

"Wewe ndiye fundi," aliniambia. "Ukisema ndiyo, nanunua, na panga naliacha hukohuko. Ukisema hapana, narudi kwenye miwa. Mimi najua kuona kama inaelea, basi."

Boti yenyewe, ya mbao, ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyekaa karibu na kivuko. Marehemu mumewe aliifanyia kazi miaka mingi, na baada ya msiba ilibaki majini, imefungwa kwenye kisiki. Injini, ya hosipawa kumi na tano, mama aliihifadhi chumbani kwake, imefunikwa kanga kama mgonjwa. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akatuonyesha. Nilisafisha plagi, nikaosha kabureta, tukaifunga kwenye pipa la maji na kuivuta kamba. Mara ya tatu ikawaka, ikatulia kwenye mlio mmoja.

Kaka alicheka kwa furaha. "Imekwisha hiyo. Twende tukamlipe."

"Haijaisha," nilisema. "Sijaona chini."

Kitabu changu hakikuwa na neno hata moja kuhusu mbao. Lakini nilijua, au nilidhani najua, kwamba kitu hukaguliwa kikiwa kisafi na kikavu. Ndivyo nilivyofanya kwa kila mashine iliyopita mikononi mwangu. Nikamwomba mama boti ipandishwe ukingoni, igeuzwe, iachwe ikauke.

"Ikauke?" aliuliza. "Kwa nini ikauke, mwanangu? Kazi yake ni majini."

"Nataka kuziona mbao vizuri, mama."

"Haya. Wewe ndiye mwenye macho."

Shemeji zake wakaja wakaivuta. Ilikuwa Oktoba, jua la kabla ya mvua, lile linalopasua matope. Kaka alikuwa ameomba ruhusa ya wiki mbili kwa msimamizi wake. Boti ililala kifudifudi juani siku kumi na moja, nami nilikwenda kila siku na daftari. Wavuvi walikuwa hapo hapo, hatua kama ishirini, wakishona nyavu zao. Siku moja mmoja wao aliniita bila kuinua kichwa.

"Fundi, unaikausha uifanye kuni?"

"Mwache," akadakia mwenzake. "Anataka kuivusha kwa miguu."

Walicheka wote. Nilitabasamu kidogo, nikaendelea kuandika. Leo najua kwamba katika mzaha ule nilikuwa nimeambiwa kila kitu. Ilitosha nigeuke tu na kusema: kwani mnacheka nini, wakubwa zangu? Wangenieleza. Lakini kuuliza kulikuwa kukiri, na mimi nilikuwa naogopa kukiri kuliko nilivyoogopa kukosea.

Siku ya kumi na mbili nilichukua kisu. Kilipita kati ya ubao na ubao bila kugusa kitu. Nikaenda sehemu nyingine, kikapita tena. Nililala chini ya boti, nikaona mistari ya mwanga kutoka mbele mpaka nyuma. Na nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia kaka: nilifurahi. Siku zote hofu yangu ilikuwa haina ushahidi. Sasa ilikuwa nao.

Mama alikuja akasimama, akaangalia zile nyufa bila kushtuka.

"Hizo zitafunga," alisema. "Irudisheni hapo kwenye maji madogo, mtie mawe ndani, izame, ilale siku nne. Baba wa watoto alifanya hivyo kila ilipokaa juu. Mbao inakunywa, inavimba, inabana yenyewe."

Nilimshukuru, nikamvuta kaka kando.

"Umemsikia? Anataka tuizamishe ili nyufa zisionekane."

"Na kama ni kweli?"

"Na kama si kweli? Utazama katikati ya mto na mpunga wa watu."

"Siku nne tu, mdogo wangu. Tujaribu."

"Ruhusa yako inaisha kesho kutwa."

Hilo lilikuwa kweli, na nililitumia kama kisingizio. Mimi nilikuwa na siku nne. Ningeweza kuizamisha mwenyewe na kumpelekea kaka taarifa Kidatu kwa dereva yeyote wa lori. Lakini ningeizamisha mbele ya wavuvi wale, baada ya kuikausha mbele yao, na kama ingefunga, wangejua kwamba fundi wa Lipangalala hajui mbao inavyoishi. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyepima.

Kaka hakubisha. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba nikisema hapana atarudi kwenye miwa. Kesho yake alifunga mfuko wake, akapanda lori la mchele kurudi Kidatu.

Habari zikasambaa kwamba fundi wa mashine ameikagua boti ya mjane, akaikuta imeoza. Sikuwahi kutamka neno kuoza, ila nililisikia na sikulirekebisha. Bei ikashuka. Mfanyabiashara mmoja wa Mchombe aliinunua pamoja na injini yake, kwa bei ambayo sisi tungeilipa na kubakiwa na chenji ya petroli ya mwezi. Wiki hiyo nilipita kivukoni nikaiona imezamishwa kwenye maji madogo, imejaa mawe, pua tu ndiyo iko nje. Nilimhurumia yule mtu. Kweli kabisa, nilimhurumia.

Masika ile boti ilivusha mpunga kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliisikia nikiwa nyumbani, ule mlio mmoja nilioutengeneza mwenyewe. Mwezi wa nne mwenye boti aliniita nimsafishie kabureta. Nilikwenda. Nilipomaliza nikajifanya nimeangusha bisibisi, nikainama, nikapapasa sakafu kwa kiganja. Palikuwa pakavu. Alinilipa, akasema asante sana fundi, nami nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Mama mjane nilikuwa nakutana naye sokoni. Nilimwamkia, aliitikia vizuri, akaniuliza habari za kazi. Hakuwahi kutaja boti, nami sikuwahi kumwomba radhi. Kila mara nilijiambia wiki ijayo, mpaka alipohamia kwa binti yake.

Kaka alikuja Pasaka. Alikuwa ameshuka kivukoni kumsalimia mtu kabla ya kufika nyumbani. Tulikuwa tunakula wali na kambale.

"Nimeiona boti," alisema.

"Ndiyo."

"Inavusha."

"Ndiyo, kaka."

Akachukua tonge jingine. Nilisubiri matusi, na angenitukana ningemshukuru. Aliomba maji ya kunawa, akaenda kulala mchana kutwa kama wanavyolala wakata miwa wakipata siku yao.

Ile akiba aliigawa, akanirudishia sehemu yangu yote, na yake akajengea vyumba viwili Kiberege. Wakati wa kuezeka aliuliza majirani kuhusu mbao za paa. Mimi nilifika nyumba ikiwa imekwisha.

Sasa nina miaka ishirini na saba. Nisichokijua nakiuliza, papo hapo, hata kwa mtoto wa shule, na wapo wateja waliohamia kwa mafundi wengine kwa sababu hiyo. Kaka bado anakata miwa, na mambo yake haniulizi tena.